Tarumbeta Iliyolala Chini ya Kitanda cha Evans

Tangu nirudi, kila ninapoketi kunywa chai hapa nyuma ya soko la Kisii, naulizwa habari za safari yangu na Mzee Zablon, na kila anayeuliza tayari ana jibu lake mfukoni. Otieno wa duka la vipuri anaamini tulikamatwa kwa wizi wa majani ya chai. Hatukukamatwa, tuliombwa kusubiri kwenye benchi. Mama Akinyi wa mkahawa amesikia kwamba Mzee alipiga muziki wa baa makaburini na watu wakamsikiliza. Hilo nalo si sahihi. Nimeamua kuandika yote kwa mpangilio, mara moja, ili siku nyingine ninywe chai yangu ikiwa bado moto. Watu wa safari hii walizungumza Ekegusii kwa sehemu kubwa. Maneno yao nimeyaweka kwa Kiswahili, kwa sababu wasomaji wangu wengi ni watu wa kando ya ziwa.

Kisii hadi Marani

Mzee Zablon ni mteja wangu. Huniletea redio yake niitengeneze ingawa mara nyingi haina kasoro yoyote. Huja ili tuisikilize pamoja, kwa sababu kwake Marani redio hufunguliwa kwa mahubiri tu. Mimi ni fundi wa redio, na mambo ya muziki nimejifunza mwenyewe kwa vitabu vya mtumba. Najua tarumbeta ina vali tatu, na najua kila moja inashusha sauti kwa kiasi gani, lakini sijawahi kuipuliza. Yeye aliipuliza zaidi ya nusu ya maisha yake bila kujali habari hizo. Ndiyo maana tunaelewana.

Lazima niseme mapema kwamba Mzee alipiga jazi yenyewe. Huku kwetu bendi yoyote ya gitaa iliitwa jazi, hivyo watu wakisikia kazi aliyofanya humwuliza kama alikuwa solo au besi. Hakuwa solo wala besi. Alianza kwa kupuliza baragumu la kuwaamsha wanafunzi katika shule ya bweni, akachukiwa na shule nzima, akaenda Nairobi. Huko hoteli moja yenye vitambaa vyeupe mezani ilikuwa inatafuta mtu mwenye pumzi. Ndipo alipokutana na Onchari wa Magwagwa, mpiga saksafoni, Mgusii mwenzake aliyevaa tai ya kipepeo kama yeye. Wakapiga pamoja Nairobi, Kampala, Dar es Salaam, na mji mmoja wa migodi ya shaba ambako wasikilizaji waliwarushia machungwa. Mpaka leo Mzee hajui kama ile ilikuwa sifa au tusi. Walikula machungwa.

Onchari alipofariki, Mzee alinipigia simu akasema niende Marani na nivae viatu vya kutembea. Nilimkuta mezani. Mkewe, Mama Evans, Msabato wa kweli asiyepindisha neno, alinipakulia ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga yetu chungu, akaniuliza kama redio inaweza kurekebishwa isishike stesheni za dansi. Nikamwambia kitaalamu ni vigumu. Mzee alimaliza kula, akanawa, akaniambia twende nikamwone ng'ombe wake. Sijui chochote kuhusu ng'ombe. Tulipofika zizini alihakikisha mkewe yuko ndani, ndipo akasema.

"Onchari anazikwa Ijumaa. Tuliahidiana zamani. Atakayebaki, atampigia mwenzake akishushwa."

"Basi mpigie, Mzee."

"Tarumbeta iko chini ya kitanda cha Evans."

Kwangu hilo lilikuwa tatizo jepesi kuliko yote niliyowahi kuletewa. Evans ni kifungua mimba wake na ana boma lake Nyacheki, kwenye chai. Mtu huenda kwa mwanawe, huchukua kitu chake, huondoka. Lakini mimi nililelewa kambini Kericho, ambako baba yangu alikuwa kibarua wa mashamba makubwa, na nilikuwa nimesahau ensoni.

Kwa wale wa ziwani: ensoni ni heshima na aibu vikiwa katika chungu kimoja. Baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa, na chumba cha kulala hata hakitaji. Mzee alipostaafu na kurudi nyumbani, Mama Evans alimwambia achague nani alale ndani, yeye au kile chombo. Evans, akiwa bado kijana mwenye kibanda chake, akakihifadhi. Kisha Evans akaoa, akajenga Nyacheki, akahama na kila kitu chake. Siku hiyo tarumbeta iliingia mahali ambapo mwenyewe hawezi kufika.

Nilipendekeza ampigie mwanawe simu. Mzee alinitazama kana kwamba nimetapika kanisani. Amwombe mwanawe kitu kilicho chini ya kitanda anacholalia na mkewe? Isitoshe Evans alikuwa Narok akiendesha mashine ya kuvuna ngano, na angekwenda Magwagwa moja kwa moja. Wajukuu, ambao kwa desturi wanaruhusiwa utani wa kila aina na babu yao, walikuwa shule ya bweni.

"Ndiyo nikakuita wewe," alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Wewe si wa ukoo wetu. Utaingia tu kama paka."

Marani hadi Nyacheki

Tulipanda pikipiki mpaka mjini, na nyingine kuelekea Nyacheki, na mvua ikatukamata katikati ya njia. Tukajikinga kwenye kibaraza cha kinu cha kusaga. Mwenye kinu alitupa mahindi ya kuchoma, akauliza tunakwenda wapi. Mzee akasema tunakwenda kumjulia hali mkwe, jambo ambalo si uongo.

Pale kinuni ndipo nilipojua kisa chenyewe. Moraa, mke wa Evans, ni binti wa Onchari. Watoto wa wanamuziki wawili walipendana katika kutembeleana kwa familia, wazazi wakafurahi, mahari ikazungumzwa. Siku ile ile wazee wakawaambia Zablon na Onchari kwamba tangu sasa wao ni wakwe. Wakwe hawataniani. Wakwe hawalali chumba kimoja. Wakwe hawachezi dansi mmoja akiona, hawalewi mmoja akiona, na hawapulizi nyimbo za wapenzi wakitazamana. Nao walikuwa wameahidi kupiga msimu mzima katika hoteli moja Mombasa, chumba kimoja, vitanda viwili.

"Mkafanyaje?" nilimuuliza.

"Pazia," alisema Mzee. "Tulimwambia mpiga ngoma aweke pazia katikati ya jukwaa. Mimi huku, yeye kule. Wazungu walidhani ni mtindo mpya. Walipiga picha."

Kwa maelezo yake, haikuwezekana. Mtu wa jazi humjibu mwenzake kwa kumtazama mabega. Mabega yakipanda, unajua anakaribia kumaliza. Nyuma ya pazia hakuna mabega. Walianza kugongana, kila mmoja akiingia kwenye zamu ya mwenzake, na kila wakigongana ilibidi waombane radhi kwa heshima ya wakwe, kupitia kwa mpiga ngoma, wimbo ukiendelea. Msimu haukuisha. Onchari akarudi Magwagwa kulima. Zablon alijaribu peke yake kwa muda, lakini anasema tarumbeta bila saksafoni ile ilikuwa kama kumsalimia mtu aliyelala. Naye akarudi, arusi ya watoto ikiwa bado haijafanywa. Tangu hapo walikutana kwenye arusi na matanga tu, kofia mkononi, wakiulizana habari za mvua. Kuhusu ile ahadi, hapakuwa na namna ya kuitaja tena.

Mvua ilipokatika tukafika Nyacheki. Moraa alikuwa amerudi kutoka matangani kwa siku moja tu, achume chai yake kabla haijakomaa kupita kiasi. Alitusalimu kwa mbali, macho chini, akatuwekea viti nje. Kuanzia hapo yeye na Mzee walizungumza kupitia kwangu, ingawa walikuwa umbali wa kurushiana chumvi.

"Fundi, mwulize baba kama mlisafiri vizuri."

"Mwambie vizuri. Mwambie pole kwa baba yake."

"Mwambie nimeshapoa. Mwambie kile kitu nimekifuta vumbi."

Kumbe alijua. Baba yake, alipokuwa mgonjwa, alikuwa akipiga vidole kwenye blanketi kama mtu anayebonyeza saksafoni, kisha ananyamaza, anangoja, anaendelea. Moraa alikuwa amekaa kando ya kitanda kile akielewa anamngoja nani.

Niliinuka, nikavua viatu, nikaweka mguu mmoja kwenye kizingiti. Wakati huo huo jirani yao, Mzee Ombati, aliingia uani na fimbo yake, akasalimu, akaniuliza mimi ni wa nani. Hili ni swali ambalo huku kila mtu huulizwa, na mtu mwenye busara angejibu kwamba yeye ni fundi wa Kisii mjini. Mimi hupenda kujibu swali kama lilivyoulizwa. Nilitaja jina la baba yangu, la babu yangu, ukoo, mlango, na kilima walichotoka kabla ya Kericho. Ombati alifumba macho, akahesabu kwa vidole, akarudia hesabu kwa mkono wa pili.

"Babu yako na babu yake Zablon walinyonya titi moja," alisema. "Wewe ni mdogo wake Zablon. Karibu nyumbani, baba mdogo wa Evans."

Moraa alifunika uso kwa leso na kukimbilia jikoni. Mimi nilikuwa bado na mguu mmoja ndani ya nyumba ya mwanangu. Niliutoa polepole, nikavaa viatu.

"Nani alikutuma kusema ukweli?" aliniuliza Mzee Zablon.

Tukajadiliana. Je, Ombati mwenyewe angeweza kuingia? Hapana, yeye ni rika la baba zetu, ni mbaya zaidi. Je, Moraa angeweza kuitoa na kumpa Mzee? Ombati alishtuka, kitu kilicholala chini ya kitanda cha mwanao, kutoka mkono wa mkewe mpaka mkono wako? Je, kipitie mkononi mwangu? Ombati akasema mkono wangu sasa ni mkono wa Zablon, tofauti ni ukubwa tu. Nilimuuliza kama desturi hizi haziwezi kulegezwa kwa ajili ya msiba. Akanijibu kwamba watu wa Kericho huanza hivyo hivyo.

Moraa ndiye aliyelitatua, akiwa jikoni, bila kumsemesha mtu. Alitoka na kikapu chake cha chai mgongoni, kimejaa majani hadi juu, akatembea kuelekea kituo cha kununulia. Kikapu kilikuwa kinamvuta upande mmoja kwa namna ambayo majani hayavuti.

Nyacheki hadi kiwandani

Mpango wake ulikuwa mzuri, na nausema hivyo baada ya kuufikiria sana. Angekiweka kikapu chini pale kituoni na kuondoka kidogo. Sisi tungepita, tungekikuta, tungeokota kilichomo kama mtu anavyookota kitu njiani. Hakuna aliyempa mtu kitu.

Lakini siku hiyo lori la kiwanda lilifika mapema, jambo ambalo kila mtu kwenye foleni alisema halijapata kutokea. Karani wa kituo, kijana safi mwenye bidii, aliwahimiza wote wamimine haraka. Vijana wawili wakanyakua kikapu cha Moraa na kukimimina kwenye gunia kabla hajageuka. Karani akalitundika kwenye mizani, akaangalia mshale, akamsifu kwa kuchuma vizuri. Kisha akaingiza mkono kukagua majani na akagusa shuka iliyozungushiwa kitu kigumu.

"Mama, hapa ndani kuna nini?"

Moraa alikuwa amesimama mbele ya karani. Mimi na Mzee, baba mkwe mkubwa na baba mkwe mdogo, tulikuwa hatua chache nyuma yake. Kulitaja lile jambo mbele yetu hakuweza. Akainama. Karani akatutazama sisi. Mzee alitazama milima. Mimi nilifungua kinywa, nikakumbuka mimi ni nani sasa, nikakifunga. Foleni nzima ilijua, kwa maana Ombati alikuwa amepita huko kabla yetu, na foleni nzima ikanyamaza kwa heshima.

"Haya," alisema karani, akaandika, gunia likarushwa juu ya lori, na lori likaondoka. Tulisimama pale wote tukilisindikiza kwa macho kama watu wanaoaga mgeni.

Nilipata pikipiki. Nilimwambia dereva afuate lori la chai, naye akalifuata lori la ndizi kwa umbali mrefu kwa sababu, alivyoeleza baadaye, yote mawili ni ya kijani. Tulipofika kiwandani gunia letu lilikuwa limeshamwagwa. Mlinzi wa lango aliuliza tumepoteza nini.

"Tarumbeta," alisema Mzee.

"Ilikuwa inafanya nini kwa chai?"

Hilo swali halina jibu fupi. Tukaombwa kusubiri kwenye benchi, na hapa ndipo Otieno alipopata habari zake. Baada ya muda alikuja msimamizi, mwanamke mwenye koti jeupe na buti za mpira. Alieleza kwa upole kwamba wakulima wengine huficha mawe kwenye majani ili yazidi uzito. Kwamba amewahi kuona tofali. Kwamba tarumbeta ni mara ya kwanza, na anataka kuelewa kama ni mbinu mpya. Tarumbeta ilikuwa imekutwa kwenye vile vitanda virefu vya kunyaushia majani, ambavyo hupulizwa upepo kutoka chini. Wafanyakazi walidai kwamba ilikuwa inaimba yenyewe. Niliwaeleza kwamba haiwezekani, maana sauti ya tarumbeta huanzia kwenye mtetemo wa midomo na si kwenye upepo mtupu. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaendelea kusema iliimba.

"Kama ni yako," msimamizi alimwambia Mzee, "ipige."

Haikuwa na kinywa, kile kipande cha mbele ambacho mpigaji hubandika midomo. Mzee akaingiza mkono kwenye koti na kukitoa. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa nacho mfukoni, na kila asubuhi alijifungia chooni akakipuliza peke yake ili midomo isilegee. Mama Evans, aliniambia, anaamini ni tumbo, na humchemshia dawa.

Alikibandika, akapuliza, na kwanza yakatoka majani. Yalimrukia msimamizi kwenye koti jeupe kutoka kola mpaka kiunoni. Kisha ikatoka sauti. Sitaieleza kwa urefu. Ilikuwa nene, yenye mchanga kidogo pembeni, na wale waliokuwa wakipindua majani walisimama na mikono hewani. Alipiga kipande kifupi, akasimama ghafla kana kwamba anangoja mtu, akakumbuka, akaishusha.

Msimamizi alijipangusa majani taratibu. Akauliza kama Mzee hupiga kwenye arusi, kwa sababu dada yake anaolewa. Mzee akasema hapana, yeye anapiga mara moja tu, Ijumaa. Akaturuhusu. Gunia la Moraa, alisema, litahesabiwa bila ule uzito.

Kiwandani hadi Nyamira

Tulipata lifti ya gari la kanisa lililokuwa limeleta viti kwenye harambee. Dereva alipoona tarumbeta alidhani sisi ni bendi ya kanisa, na tulipofika Nyamira alitukabidhi kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni kama watumishi wa Mungu. Mama huyo alitupikia kuku na ndizi za kupika, akatuomba tumwombee goti lake. Mzee aliomba vizuri sana. Nilishangaa.

Asubuhi yake hakugusa chai. Alikuwa ameweka tarumbeta mezani kando ya kikombe na kuitazama.

"Sasa ninayo," alisema. "Na siwezi kuipiga."

Nilikuwa sijalifikiria hilo, ingawa hufikiria karibu kila kitu. Kaburini angekuwepo Moraa, mke wa mwanawe. Angekuwepo mjane wa Onchari, ambaye ni mkwe wake wa kuheshimiwa kuliko wote. Mzee wa miaka yake avimbishe mashavu, apepesuke kwa wimbo wa kilabuni, mbele ya hao? Hata Onchari mwenyewe, kama angefufuka, angeinamisha macho. Na asipopiga, amemwongopea mtu ambaye sasa hawezi kumwomba radhi hata kwa kupitia mpiga ngoma.

Nilimpangia njia mbalimbali. Angeweza kuwapa mgongo. Alisema mgongo wake nao hucheza. Angeweza kupiga wimbo wa kanisa. Alisema hakumwahidi Onchari wimbo wa kanisa. Nilitaja pazia.

"Pazia tulijaribu," alisema.

Nyamira hadi Magwagwa

Kwa Wasabato, mazishi ya Ijumaa hayawezi kuchezewa. Jua likikaribia kushuka Sabato inaingia, na mtu hazikwi humo. Gari letu liliharibika baada ya Ikonge, tukatembea, tukapanda pikipiki iliyokuwa imebeba godoro, tukakaa juu ya godoro. Tulifika Magwagwa jua likiwa limeshaanza kuegemea, na hata hivyo hatukuchelewa, kwa sababu walikuwa bado kwenye hotuba.

Lakini sisi ni wakwe, na wakwe hawaingii kama maji. Tulisimamishwa langoni mpaka wazee wa kutupokea wapatikane. Wazee walipopatikana tukasindikizwa hatua kwa hatua, tukakalishwa kwenye hema yetu wenyewe, tukaletewa soda ambazo lazima zinyweke. Mzee alikuwa ameficha tarumbeta chini ya koti. Mama mmoja aliyetuhudumia aliliangalia lile tumbo lililochongoka, akamletea soda ya pili kwa huruma.

Mwenye kipaza sauti alisoma maisha ya marehemu. Alizaliwa, alibatizwa, alioa, alijaliwa watoto. "Kwa muda fulani alifanya kazi ya hoteli Nairobi," alisoma, kisha akahamia habari za ng'ombe wake. Hivyo tu. Kampala, Dar es Salaam, mji wa shaba na machungwa yake, yote yalikuwa ndani ya kazi ya hoteli. Mzee alipoitwa aseme kwa niaba ya wakwe, alisimama na kusema kwamba Onchari alikuwa mtu wa heshima, na kwamba mvua mwaka huu ni nzuri. Akaketi. Watu wakasema amesema vyema.

Jeneza lilipoinuliwa kupelekwa kaburini, Mzee alininong'oneza kwamba anakwenda chooni. Choo kilikuwa upande wa kulia. Yeye alienda kushoto, kwenye migomba, na migomba ikamfunika.

Nilibaki nimesimama na wakwe wengine. Kamba zikashikwa. Mchungaji akafungua kitabu. Jeneza lilipoanza kushuka, tarumbeta ikalia kutoka kwenye migomba.

Sasa niwe mwangalifu, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi wamekosea. Ulikuwa ule wimbo wa kilabuni, wa polepole, wenye maneno ambayo hayakuimbwa lakini kila mtu mzima angeyajua. Ulikuwa mkubwa. Ng'ombe wa jirani waliinua vichwa. Na katika umati ule wote hakuna mtu hata mmoja aliyegeuka. Mkwe hapulizi tarumbeta, kwa hiyo hapakuwa na tarumbeta. Mchungaji aliendelea kusoma, midomo yake ikienda, neno lisisikike. Wazee walitazama vidole vya miguu yao. Evans, aliyetoka Narok na vumbi la ngano bado shingoni, alikuwa ameshika kamba na kuangalia mbele kama mwanajeshi wa gwaride. Mtoto mmoja aliuliza ni nini hicho, na mama yake akamjibu kwamba ni upepo.

Katikati ya wimbo sauti ilikatika. Nilidhani pumzi imemwishia. Kisha nikamwona Moraa, pembeni ya kaburi, mkono wake ukiwa chini ya leso, vidole vikibonyeza tumboni, kimoja baada ya kingine, kwa utaratibu. Nikaelewa kwamba hii ilikuwa zamu ya saksafoni. Mzee alikuwa amemwachia nafasi yake yote bila kuipunguza. Kamba zilisimama. Hakuna aliyezishusha wala kuzipandisha mpaka vidole vya Moraa vilipotulia, na papo hapo, bila bega la kuangalia, tarumbeta ikaingia tena, na jeneza likaendelea kushuka.

Ilipokwisha, mchungaji alisema amina. Mwenye kipaza sauti alitushukuru kwa utulivu wetu.

Kaburi lilifukiwa kwa haraka kwa sababu ya Sabato. Watu walianza kukusanya viti. Moraa alinijia na sahani ya chakula, akasimama mbali kidogo kama inavyompasa mbele ya baba mkwe mdogo, macho chini.

"Baba mdogo, mwambie baba kwamba hatukusikia kitu chochote."

"Nitamwambia."

"Mwambie mama naye hakusikia. Mama anauliza," akanipa sahani, "mama anauliza kama kuna nafasi tusisikie na ule mwingine, wa Kampala, kabla Sabato haijaingia."

Niliupeleka ujumbe. Mzee alikuwa ameketi kwenye shina la mgomba, jasho likimtoka, anafuta kinywa cha tarumbeta kwa jani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akachungulia jua lililobaki kati ya majani, akalipima, akasimama na kujifunga vifungo vya koti vyote.

"Waambie wakae," alisema. "Huo ni mrefu."

Nilirudi nikawaambia. Mjane wa Onchari aliketi wa kwanza. Wengine wakavifungua viti walivyokuwa wamevikunja, wakavipanga upya mistari kwa mistari, wakaketi, wakainamisha vichwa.